Njia ya Amri na Njia ya Sauti: Kuunganisha Kinanda cha MIDI na Intafesi ya Sauti kwa Kurekodi Nyimbo Nyumbani

1. UTANGULIZI

Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuepa kuimba. Hata yule asemaye kwamba hakujaliwa sauti hana budi kuwaongoza watoto katika nyimbo za kuhesabu, nyimbo za michezo na Wimbo wa Taifa uimbwao mstarini asubuhi. Nyimbo hizi huja na watoto, na mara nyingi huondoka na watoto. Kwaya ya mwaka huu ikiisha kuondoka, kwaya ya mwaka ujao haina namna ya kujua wenzao waliimbaje. Si ajabu basi kwamba walimu wengi wametamani kuzihifadhi nyimbo za shule zao ili zitumike kufundishia.

Zamani kazi ya kurekodi ilikuwa ya studio na ya redio. Siku hizi mwalimu mwenye kompyuta mpakato anaweza kuifanya chumbani kwake, akiongeza vifaa viwili: kinanda cha MIDI, na kijisanduku ambacho mafundi hukiita intafesi ya sauti. Lakini wengi wanaovipata vifaa hivi huviunganisha kwa kubahatisha. Vikifanya kazi, hawajui ni kwa nini. Vikikataa, hawajui pa kuanzia.

Baada ya kuyasoma makala haya, mwanachuo aweze:

(a) kueleza tofauti iliyopo kati ya amri za MIDI na sauti yenyewe;
(b) kuunganisha kinanda, intafesi na kompyuta kwa utaratibu, akijaribu kila kiungo peke yake;
(c) kutafuta kosa kwa kuifuata njia hatua kwa hatua;
(d) kuwafundisha watoto wa Darasa la Tano tofauti hiyo kwa kutumia kadi, makopo na uzi, hata kama shule haina kifaa chochote cha umeme.

2. SOMO NILILOLIPATA KWA HASARA

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi iliyokuwa na kwaya nzuri ya Darasa la Saba. Watoto walikuwa wamejitungia wimbo wa kuagana na shule, wakaniomba niurekodi kabla ya mtihani wa mwisho. Jumamosi moja walikuja nyumbani kwangu, watoto 14. Nilifunga mapazia mazito, nikatandika mikeka ili kupunguza mwangwi, nikaiweka maikrofoni katikati yao, nami nikaketi kwenye kinanda. Kompyuta niliiweka mbali, nyuma ya kabati, ili mvumo wa feni yake usisikike.

Waliimba mara sita. Kila walipoimba, taa ya kijani ya intafesi ilicheza, na katika hedifoni niliwasikia vizuri sana, hata pumzi zao. Tulikunywa chai, wakaenda zao.

Jioni nilipoifungua kazi ile nilikuta mstari wa kinanda umejaa kila noti niliyoipiga, pamoja na zile nilizokosea. Mstari wa sauti za watoto ulikuwa mnyoofu kutoka mwanzo hadi mwisho. Maikrofoni ilikuwa imechomekwa katika tundu la kwanza la intafesi, ilhali katika programu mstari wa sauti ulikuwa umeelekezwa kupokea kutoka tundu la pili, ambalo halikuwa na kitu. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mtihani, na baada ya mtihani watoto walitawanyika. Noti zangu mbovu nilizisahihisha kwa dakika kumi. Sauti zao sikuweza kuzisahihisha, kwa kuwa hazikuwamo.

Vifaa vyote vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni ufahamu wangu. Taa ya kijani ilinijulisha kwamba sauti imefika kwenye intafesi. Haikunijulisha kwamba imefika kwenye mstari wa kurekodia. Hedifoni nazo hazikuwa ushahidi, kwa sababu intafesi nyingi zina kitufe kinachoipeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja masikioni bila kuipitisha katika kompyuta. Nilidhani nasikia kinachorekodiwa, kumbe nasikia kinachoingia tu.

Kisa hiki kinabeba jambo lote ambalo makala haya yanataka kulifundisha: katika kazi hii kuna njia mbili zinazokwenda sambamba, njia ya amri na njia ya sauti. Yeyote asiyezitenganisha akilini hataweza kuziunganisha salama mezani.

3. NOTA SI SAUTI

Mwanachuo aliyewahi kuimba katika kwaya anaijua tofauti hii tayari, ingawa huenda hajaipa jina. Karatasi ya sol-fa haina sauti ndani yake. Ina maagizo: imba do, kisha mi, kisha so, hapa shikilia, hapa pumua. Karatasi hiyo hiyo ikipewa kwaya mbili, tutasikia wimbo mmoja kwa sauti mbili zisizofanana.

Tuchukue mfano wa mtu wa kazi yetu. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao tuni yake ndiyo ya Wimbo wa Taifa la Tanzania. Nyimbo zake aliziandika kwa sol-fa katika daftari. Alifariki mwaka 1905. Wimbo huo ulirekodiwa London mwaka 1923, na mwimbaji alikuwa Sol Plaatje. Hivyo tuni ya Mwalimu Sontonga ilifika hadi kwetu, na watoto wetu huiimba kila asubuhi. Lakini namna yeye mwenyewe alivyoiimba mbele ya wanafunzi wake hatutaisikia kamwe. Maagizo yalibaki, sauti ikaenda na mwenyewe.

MIDI ni ndugu wa sol-fa. Intafesi ya sauti ni ndugu wa sikio. Tuvitazame kimoja kimoja.

4. KINANDA CHA MIDI: LUGHA YA AMRI

Kabla ya mwaka 1983, vinanda vya umeme vya kampuni mbalimbali havikuwa na lugha moja, na kinanda cha kampuni moja aghalabu hakikuweza kukiamuru cha kampuni nyingine. Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, Marekani, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani kiliunganishwa na kinanda cha Jupiter-6 cha kampuni ya Roland ya Japani. Kimoja kilipopigwa, kingine kiliitikia. Wahandisi waliosimamia maafikiano hayo, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Toleo la pili la lugha hiyo lilitangazwa mwaka 2020, lakini lile la kwanza bado linaeleweka na vifaa vilivyopo.

Mtoto anapobonyeza ufunguo wa kinanda cha MIDI, kinachosafiri katika waya ni namba tatu tu. Kwa mfano: 144, 60, 90. Namba ya kwanza ni amri yenyewe, nayo husema, "Anzisha noti katika chaneli ya kwanza." Ya pili hutaja noti. Ya tatu hutaja nguvu ya pigo. Mtoto anapoachia ufunguo, amri nyingine hutumwa ili kuikomesha noti hiyo. Noti na nguvu huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127, na chaneli ni 16.

Tukiifanya do kuwa noti ya 60, iliyo katikati ya kinanda, basi ngazi ya sol-fa huwa hivi:

do 60, re 62, mi 64, fa 65, so 67, la 69, ti 71, do ya juu 72.

Mwanachuo aone kwamba kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, namba hupanda kwa moja tu. Penginepo hupanda kwa mbili. Nusu hatua na hatua nzima, ambazo huwasumbua wengi wakisomewa kwa maneno, hapa huonekana kwa kutoa tu.

Hali hii ina matokeo matatu ambayo ni lazima yaeleweke.

Kwanza, kinanda cha MIDI kisicho na sauti zake chenyewe hakitoi mlio wowote kikiwa peke yake. Hutoa amri, na ni ala iliyomo ndani ya programu ya kompyuta inayoitikia. Mwalimu anayekinunua na kukichomeka katika spika atasikitika bure.

Pili, kosa lililomo katika amri linaweza kufutwa na kuandikwa upya, kama mwalimu afutavyo ubaoni. Noti iliyochelewa husogezwa. 65 iliyopigwa mahali pa 64 hubadilishwa.

Tatu, amri ni nyepesi mno. Wimbo wenye noti 500 huhitaji baiti zipatazo 3,000, yaani sita kwa kila noti, tatu za kuianzisha na tatu za kuikomesha, bila kuhesabu maelezo ya muda.

5. INTAFESI YA SAUTI: SIKIO LA KOMPYUTA

Sauti ya mtoto ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme dhaifu unaopanda na kushuka. Kompyuta haijui umeme unaopanda na kushuka, inajua namba. Kazi ya intafesi ni kuukuza umeme huo na kuupima mara nyingi sana kwa sekunde, kisha kuvipeleka vipimo hivyo katika kompyuta. Kwa kipimo cha sahani za CD, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti mbili. Wakati wa kusikiliza, intafesi hufanya kazi hiyo kinyumenyume: hupokea namba na kutoa umeme wa kuziendesha spika au hedifoni.

Hivyo dakika moja ya sauti ya maikrofoni moja ni 44,100 × 2 × 60, yaani baiti 5,292,000. Wimbo wa dakika tatu ni baiti 15,876,000. Tukiulinganisha na ule wimbo wa MIDI wa baiti 3,000, uzito wa sauti ni mara 5,292. Mwanachuo asiilaumu sauti kwa uzito huo. Ndani ya namba hizo mna vitu ambavyo MIDI haivijui: kitetemeshi cha mtoto mwenye woga, pumzi kabla ya kiitikio, jogoo wa jirani na mvua juu ya bati. Vyote huingia pamoja, wala hakuna kifutio kitakachomwondoa jogoo na kuiacha sauti ya mtoto kama ilivyokuwa.

Intafesi ndogo ya kawaida huwa na matundu mawili ya kuingizia, na kila tundu lina kitufe cha kuzungusha kinachorekebisha ukuzaji. Lipo pia tundu la hedifoni, na mahali pa kuchomeka waya wa USB uendao kwenye kompyuta. Huwa na kitufe kilichoandikwa 48V. Hicho hupeleka umeme wa volti 48 katika maikrofoni za aina ya kondensa, ambazo hazifanyi kazi bila umeme huo. Maikrofoni za dainamiki, kama ile ya Shure SM58 inayoonekana katika majukwaa mengi, hazihitaji umeme huo. Kitufe kiachwe bila kubonyezwa.

6. HATUA ZA KUUNGANISHA

Kanuni ni moja: usiunganishe viwili kabla ya kukijaribu kimoja. Anzia mwisho wa njia, pale sikio lilipo, urudi nyuma hadi kwa mwimbaji.

Hatua ya kwanza: intafesi na hedifoni. Chomeka intafesi katika kompyuta kwa waya wake wa USB, na kama mtengenezaji ametoa programu ya kuiendesha, iwekwe kwanza. Chomeka hedifoni katika intafesi, wala si katika kompyuta. Katika mipangilio ya programu ya kurekodia, chagua intafesi hiyo kuwa kifaa cha kuingizia na cha kutolea sauti. Cheza wimbo wowote uliomo katika kompyuta. Ukisikika, njia ya kutokea ni nzima. Usiposikika, usiendelee.

Hatua ya pili: kinanda. Kinanda chenye USB huchomekwa katika kompyuta yenyewe. Hakilazimiki kupitia intafesi. Kinanda cha zamani chenye tundu la duara la pini tano huhitaji intafesi yenye matundu ya namna hiyo, au waya maalumu wa kugeuza. Hapo wengi hukosea: tundu la kinanda lililoandikwa OUT huunganishwa na lililoandikwa IN kwenye kifaa cha pili, kwa maana amri hutoka huku na kuingia kule. Fungua mstari mpya wa kurekodia, ambao mafundi huuita traki, uwe wa aina ya MIDI. Uchagulie kinanda chako, kisha uupe ala, tuseme piano. Bonyeza ufunguo. Kipimo kikicheza bila mlio kusikika, amri imefika lakini hakuna ala iliyoitikia. Kipimo kisipocheza, amri haikufika.

Hatua ya tatu: maikrofoni. Ichomeke katika tundu la kwanza. Fungua traki nyingine ya aina ya sauti, na uichagulie tundu la kwanza. Usome kwa sauti: "Tundu la kwanza, traki inapokea tundu la kwanza." Mwambie mwimbaji aimbe mahali penye sauti kubwa kuliko pote katika wimbo, nawe uzungushe kitufe cha ukuzaji mpaka kipimo kipande vizuri bila kufika kwenye alama nyekundu. Sauti iliyopita nyekundu hukatwa kilele chake, na mkwaruzo unaobaki hauondoki.

Hatua ya nne: jaribio la sekunde kumi. Rekodi sekunde kumi za kinanda na sauti pamoja. Simamisha. Mwombe mwimbaji anyamaze, kisha usikilize kilichorekodiwa. Hatua hii ndiyo niliyoiruka mwaka 2016. Mwalimu asiamini taa, asiamini hedifoni wakati wa kuimba. Aamini kile anachokisikia mwimbaji akiwa amefunga kinywa.

Kuhusu programu, mwanachuo achague ile inayozijua njia zote mbili. GarageBand ya kompyuta za Apple, na Ardour ambayo ni programu huria, hurekodi amri na sauti pia. Audacity ni nzuri na haina malipo, lakini imekuwa ni programu ya sauti. Haifai kwa kunakili amri za kinanda.

7. KUTAFUTA KOSA

Mwalimu asiyejua njia hugusa kila kitufe. Mwalimu ajuaye njia huuliza kwanza: je, kosa liko katika amri au katika sauti?

(i) Noti inaendelea kulia hata baada ya ufunguo kuachiwa. Hili ni kosa la amri: agizo la kuanza lilifika, agizo la kukoma halikufika. Simamisha programu, kisha ukague waya wa kinanda.

(ii) Kinanda kinalia mara mbili kwa kila pigo. Kinanda chenye sauti zake kinalia chenyewe, na ala ya programu inalia pia. Nyamazisha kimojawapo.

(iii) Sauti inatoka baada ya pigo, kwa kuchelewa. Kompyuta hukusanya vipimo katika kibindo, ambacho mafundi hukiita bafa, kabla ya kuvitoa. Bafa ya vipimo 1,024 kwa kasi ya 44,100 huchukua milisekunde 23 hivi. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde; hivyo kuchelewa huko ni sawa na kumsikiliza mpiga kinanda aliye umbali wa mita nane, mwisho wa darasa. Bafa ya 128 huchukua milisekunde tatu, sawa na umbali wa mita moja. Kwa hakika kuchelewa kote huzidi hapo kidogo, kwa sababu sauti hupitia zaidi ya hatua moja. Punguza bafa wakati wa kurekodi. Sauti ikianza kukatikakatika, kompyuta imeshindwa kufuata kasi. Ongeza tena kidogo.

(iv) Mvumo wa chini usiokoma. Umeme wa majumbani kwetu ni wa hezi 50, nao hupenya katika waya za sauti. Chomoa chaja ya kompyuta, urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo hukoma papo hapo.

(v) Vifaa vinazimika na kuwaka. Intafesi na kinanda vyote vinakula umeme wa USB. Visichangie tundu moja lililogawanywa. Kila kimoja kipewe tundu lake.

8. KUFUNDISHA DARASANI

Andalio lifuatalo halihitaji umeme. Nimelitumia mara kadhaa, nami naona watoto hulishika jambo hili upesi kuliko watu wazima wenye vifaa.

Darasa: la Tano. Muda: vipindi viwili, dakika 80. Mada: Namna mbili za kuhifadhi wimbo. Zana: kadi za karatasi ngumu, makopo manne safi yaliyotobolewa kitakoni, uzi imara wa mita 20, filimbi.

Hatua ya I: Kadi (dakika 25). Mwalimu aandike ubaoni ngazi ya sol-fa pamoja na namba zake. Aandike katika kadi: 60, 64, 67, 64, 60. Kadi ipitishwe kimyakimya kutoka mkono hadi mkono mpaka ifike kwa mtoto wa mwisho, naye aimbe. Kisha kadi ile ile apewe mtoto mwingine, kisha mpiga filimbi. Mwalimu aulize: "Je, wimbo ulibadilika? Je, sauti ilibadilika? Sauti ilikuwa ndani ya kadi?" Asiwajibie.

Hatua ya II: Simu ya makopo (dakika 25). Kila jozi ya makopo iunganishwe kwa uzi wa mita kumi na uzi ukazwe. Msikilizaji afumbe macho. Mwimbaji achaguliwe kwa ishara, aimbe maneno yale yale, taratibu, ndani ya kopo. Msikilizaji ataje ni nani aliyeimba. Hapo ndipo watoto hugundua wenyewe kwamba kadi haimtambulishi mwimbaji, lakini uzi unamtambulisha. Kisha mmoja aubane uzi katikati kwa vidole: sauti inakufa, ingawa mwimbaji bado anaimba na makopo ni mazima.

Hatua ya III: Kusahihisha (dakika 15). Mwalimu aandike kadi yenye kosa: 60, 64, 68. Watoto walitafute na kulifuta. Halafu mtoto akohoe katikati ya kuimba ndani ya kopo. Mwalimu aulize: "Tutalifutaje hilo?" Jibu litakuja: hakuna, aimbe tena.

Hatua ya IV: Muhtasari na zoezi (dakika 15). Watoto wachore njia mbili daftarini, moja ya kadi na moja ya uzi, na juu ya kila moja waandike kinachopita.

Kama shule ina vifaa, somo linalofuata liwe la kuifuata njia kwa kidole, kutoka mdomo wa mwimbaji hadi kwenye hedifoni. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuwa mkaguzi: bila kauli yake kwamba jaribio la sekunde kumi limesikilizwa, mwalimu asianze kurekodi. Kazi hiyo hupendwa sana, na huokoa mengi. Kabla ya sauti za watoto kurekodiwa au kupelekwa kokote nje ya shule, ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi ipatikane.

9. TAHADHARI KUHUSU ALA ZETU

Kuna kishawishi cha kupiga kila wimbo kwa kinanda cha MIDI, kwa kuwa ni rahisi kuusahihisha. Mwanachuo ajihadhari. Kinanda huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Ilimba na zeze za Wagogo, ambazo dunia ilizisikia kwa mikono ya Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003, hazikupangwa kwa ngazi hiyo; hupangwa kwa sikio la fundi na kufuata uimbaji wa watu wenyewe. Noti yake moja inaweza kuangukia kati ya ufunguo na ufunguo. Ukiipiga kwenye kinanda, umeikaribia tu. Nyimbo za namna hiyo zirekodiwe kwa maikrofoni kwanza, kama zilivyo, na mzee au mama aliyekuja kuziimba aruhusiwe kuchagua mahali pa kuanzia. Kinanda kije baadaye, kama kinahitajika, kimfuate yeye.

10. HITIMISHO

Tumeona kwamba MIDI hubeba maagizo, na intafesi hubeba sauti yenyewe. Cha kwanza husahihishika, ni chepesi, lakini hakimjui mwimbaji. Cha pili ni kizito, hakisahihishiki, lakini ndani yake yumo mtu. Kila kimoja kina kazi yake, na mwalimu mwema hutumia vyote. Akimaliza kurekodi, ahifadhi nakala mbili mahali pawili tofauti siku hiyo hiyo.

Wimbo ule wa watoto wangu wa 2016 bado ninao, upande wa kinanda. Huutumia kuwafundishia wanafunzi wa sasa, nao wameutilia maneno yao. Wanaponiuliza wale wa kwanza waliuimbaje, huwaeleza kwa maneno.

MAZOEZI

1. Andika kwa namba za MIDI ngazi ya sol-fa inayoanzia do iliyo noti ya 62.

2. Kwa waya wa MIDI wa pini tano, kasi ni biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti husafiri kwa biti kumi. Je, amri ya baiti tatu huchukua muda gani? Ukipiga noti kumi pamoja, ya mwisho inachelewa kiasi gani nyuma ya ya kwanza?

3. Mwalimu anaona taa ya intafesi ikicheza na anamsikia mwimbaji katika hedifoni, lakini traki ni tupu. Taja mahali pawili ambapo ungepakagua, kwa mpangilio, ukitoa sababu.

4. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa Darasa la Tatu juu ya mada hiyo hiyo, bila kutumia namba za MIDI.

5. Chagua wimbo mmoja wa kijijini kwako unaojulikana na mtu mmoja au wawili tu. Eleza ni sehemu gani za wimbo huo zinazoweza kuandikwa kwa sol-fa, na ni zipi ambazo ni lazima zirekodiwe kwa sauti. Kisha nenda ukamwombe mwenye wimbo ruhusa.